Vitamini za Kasuku wa Mkuu

Iko nchi moja ambayo sitaitaja jina, kwa kuwa wenyewe hawapendi kutajwa na mtu asiye na kibali. Ni nchi nzuri. Ina mto, ina milima, ina magereza ya kutosha, na kwa miaka mingi ilikuwa na Mkuu mmoja tu, mtu mnene mwenye huruma nyingi, ambaye huruma yake yote aliielekeza kwa kasuku wake. Wananchi hawakuona wivu. Walisema afadhali ampende ndege, maana watu aliowahi kuwapenda kabla ya hapo walikuwa wamezikwa nyuma ya bustani ya Ikulu.

Kasuku huyo wa kijivu alikula mezani na Mkuu: alizeti asubuhi, korosho za kukaanga mchana, na jioni ncha ya kidole cha Mkuu iliyochovywa kwenye mvinyo. Siku moja akaanza kujinyonyoa. Alijing'oa manyoya ya kifua, kisha ya mgongo, akabaki kama kuku aliyekwisha pitishwa kwenye maji ya moto. Mkuu alilia mbele ya baraza la mawaziri, na mawaziri nao wakalia. Mmoja wao, ambaye machozi yake yalichelewa, alitolewa nje na hakurudi kuchukua koti lake.

Akaitwa Daktari Lwitiko, bingwa wa mifugo. Mlangoni siku hiyo alikuwa zamuni Sajini Hamduni Chitete, na habari hii ni yake zaidi kuliko ya mtu mwingine yeyote. Chitete hakuwa mtu mbaya, kwa jinsi watu wabaya wanavyohesabiwa katika nchi ile. Alikuwa na mikono mizito na masikio mepesi, na hakuwahi kumpiga mtu bila kuagizwa.

Daktari alimfungua kasuku mdomo, akamchungulia, akaeleza kwa upole kwamba ndege amekosa vitamini. Mbegu za mafuta peke yake, alisema, zinamnenepesha huku zikimuua. Apewe mchicha, karoti, boga, kipande cha papai, yai la kuchemsha mara mojamoja.

Mkuu akauliza kwa sauti ndogo, "Unasema mimi ndiye ninayemuua?"

Daktari alikuwa amesoma mpaka akasahau kuogopa. Akajibu kwamba ndiyo, ila si kwa kusudi.

Mkuu alimtazama Chitete. Chitete akavuka zulia, akampiga daktari ngumi moja iliyolivunja taya lake pande mbili. Ya pili ilimkuta bado anaanguka. Meno yalitawanyika sakafuni. Kasuku akashuka mezani, akaokota moja, akalijaribu kwa mdomo akidhani ni korosho. Mkuu akacheka, mara ya kwanza tangu msiba uanze, na kabla ya chakula cha jioni Chitete alikuwa amepandishwa cheo kuwa Kapteni.

Basi ikaundwa Wizara ya Manyoya na Lishe, akateuliwa Mheshimiwa Ngalambe kuiongoza. Huyu alikuwa msemaji hodari sana. Alisimama redioni akasema, "Ndugu wananchi, taifa ni bawa. Bawa lisilo na vitamini ni mkono wa ombaomba. Sisi hatutaomba, tutaruka." Hakuna aliyeelewa, na kwa sababu hiyo hakuna aliyeweza kupinga.

Dawa ilikuwa tayari. Iliitwa Bawa-Imara, maji mazito ya manjano yenye harufu ya chungwa lililooza, na ilitoka kwenye kiwanda cha shemeji yake Waziri, ambacho mpaka mwezi uliotangulia kilikuwa kikitengeneza rangi ya viatu. Kasuku mwenyewe hakupewa hata tone. Waziri alieleza kwamba kiumbe wa thamani kiasi kile hawezi kujaribiwa dawa, ijaribiwe kwanza kwa wananchi. Ikapitishwa sheria: kila ndege afugwaye kwa mapenzi anywe Bawa-Imara asubuhi na jioni, kutoka chupa atakayopewa mwenye ndege. Kipimo alikipanga Waziri mwenyewe. Aliona kwamba kama kidogo kinafaa, kingi kitafaa zaidi, akazidisha mpaka akaridhika.

Lilizuka swali la kuku. Kuku hafugwi kwa mapenzi, walisema wananchi, anafugwa kwa mchuzi. Mahakama Kuu ilikaa, ikaamua kwamba kuku mwenye jina ni ndege wa mapenzi, asiye na jina ni kitoweo. Nchi nzima watu wakaanza kuwaita kuku wao "wewe." Mtu mmoja wa upande wa mlimani alifungwa na kupoteza jicho gerezani kwa sababu watoto wake walisikiwa wakimwita jogoo Bwana Harusi.

Kapteni Chitete akapewa Kikosi cha Lishe: askari wenye bunduki, marungu, na kila mmoja chupa ya Bawa-Imara kiunoni na bomba la sindano lisilo na sindano, la kumimina. Waliingia nyumba kwa nyumba. Ndege aliyekunywa alitiwa alama ya rangi mguuni. Mwenye ndege aliyekataa alitiwa alama popote ambapo rungu lingetua.

Katika mtaa aliokulia, Kapteni alimkuta Mzee Shaweji, mfuga njiwa, ameifukia chupa yake kwenye mtaro. Chitete alimfahamu vizuri. Utotoni alipanda juu ya banda la njiwa wake akavunja vigae, na mzee hakumpiga.

"Shikamoo, mzee," alisema Chitete.

"Marahaba, mwanangu," alijibu Mzee Shaweji, maana adabu ni adabu.

Kisha Chitete akamshika mkono, akaulaza kwenye kizingiti cha dirisha, akamvunja vidole kwa kitako cha bunduki, kimoja baada ya kingine, huku askari wengine wakiwamiminia njiwa dawa. Mzee hakupiga kelele mpaka alipofikiwa kidole gumba. Alipomaliza, Chitete alimtakia afya njema.

Haukupita muda ndege wakaanza kufa. Kwanza walikunywa maji bila kukoma, wakaingiza vichwa vizima vikombeni, wakayumba, wakaanguka chali na kukunja vidole. Chiriku walinyamaza. Njiwa walilala mabandani kama matambara. Waziri Ngalambe akarudi redioni akafafanua jambo kwa utulivu. Dawa haiui, alisema, hilo liko kwenye sheria. Kwa hiyo ndege waliokufa wamejiua. Kujiua ili kuiaibisha serikali ni uhaini, na mhaini hakosi mshawishi. Mshawishi ni nani, kama si yule anayekaa naye nyumba moja?

Zikaanza kesi. Watu walichapwa viboko sokoni, kila mmoja akiwa amevishwa shingoni mzoga wa ndege wake. Mwanamke mmoja aliyewarushia askari chupa alipigwa risasi mlangoni pake. Risasi iliyompata yeye ilimpitia kasuku wake kwanza, na taarifa ya jeshi ikasema wote wawili walikuwa na silaha, kwa maana ya mdomo na kucha.

Watu wengine waliendelea kunong'ona kwamba dawa ni sumu. Waziri hakukasirika. Aliongeza kifungu kimoja tu kwenye sheria: anayeituhumu dawa aionje mwenyewe, kwa kipimo cha ndege kilichozidishwa kulingana na uzito wa mtu. Hesabu ilipopigwa, kipimo cha mtu mzima kikawa mtungi.

Chitete ndiye aliyemimina. Watu walifungwa kwenye viti ndani ya mahabusu, wakabanwa pua, naye akainamisha mtungi polepole, wasipaliwe. Hawakufa palepale. Waliondoka kwa miguu, wengine wakiamini wamepona, na siku zilizofuata wakaanza kulia kiu. Walikunywa ndoo nzima na bado wakalamba kuta. Figo zikagoma, matumbo yakawa magumu kama mbao, wakafa wakiomba maji na maji wanayo mkononi. Chitete alirudi nyumbani akanawa kwa sabuni, kwa majivu, kwa ndimu, na harufu ya chungwa lililooza haikumtoka viganjani. Akaacha kula kwa mkono. Baadaye akaacha kula nyama, kisha akawa hali kitu mpaka alazimishwe na njaa. Lakini kazini hakukosa hata siku moja.

Ndipo ikafika habari ya dada yake.

Somoe alikuwa mjane, mshona mapazia, na ndiye aliyemlea Chitete tangu mama yao alipofariki, akimbeba mgongoni mpaka umri ambao watu walianza kuwacheka. Alikuwa na chiriku mmoja wa manjano kwenye kizimba cha dirishani, ambacho askari walikipita bila kukikagua kwa kuwa ni cha dada wa Kapteni. Sasa mtaa mzima ulikuwa kimya, mji mzima ulikuwa kimya, na kizimba kimoja tu kilikuwa kinaimba. Watu walikuja kusimama barabarani wasikilize. Wengine walilia, kisha wakakumbuka kwamba kulia ovyo kumekatazwa, wakapangusa macho na kwenda zao.

Waziri alipoambiwa, alifurahi kupita kiasi. Ndege mzima, mnene, mwenye manyoya yanayong'aa, na anaishi katika mtaa uliopigwa dawa kuliko mitaa yote: huo ndio ushahidi uliokuwa ukitafutwa. Iliamriwa ifanyike sherehe kubwa uwanja wa michezo, Mkuu awepo, na Bibi Somoe aulizwe mbele ya taifa siri ya afya ya ndege wake.

Chitete alikwenda kwake mchana, peke yake, bila kofia. Alimsalimu, naye akaitikia bila kuinua macho kwenye cherehani. Chitete alikaa akimtazama chiriku akidonoa majani ya mchicha na maganda ya yai yaliyosagwa. Hapo akajua yote.

Akamsihi. Alimweleza kuhusu mtungi, jinsi ulivyo mzito, jinsi watu wanavyokuwa siku ya tatu. Alisema hakuna anayetaka chochote kwake zaidi ya maneno mawili. Aseme "ni matone," yaani ya Bawa-Imara, kisha atarudi nyumbani na ndege wake na zawadi, na hakuna mtu atakayegusa tena mlango wake.

Somoe akasimamisha cherehani. "Wangapi umewanywesha?"

Chitete akatazama viganja vyake.

"Nikisema ni matone, kesho utanywesha wengine kwa ulimi wangu." Akakata uzi kwa meno. "Mzee Shaweji hawezi kufunga hata kifungo cha shati, Hamduni. Mimi ndiye ninayemfungia."

Alimpakulia chakula kama ilivyokuwa desturi yake. Chitete hakula. Alipoondoka alijisemea kwamba dada yake ni mtu mzima, ataliona lile gwaride, ataziona zile bunduki, na akili itamrudia.

Uwanja ulijaa. Watu walikuwa wamesombwa kwa malori tangu alfajiri, na kwenye kila lango alisimama askari wa kuhakikisha wana furaha. Mkuu aliketi jukwaani, kasuku begani, kasuku amevishwa kisweta chekundu cha sufu kuficha uchi wake. Bendi ikapiga. Waziri akahutubia kwa saa nzima juu ya bawa. Kisha Somoe akapandishwa na kizimba chake, kipaza sauti kikashushwa kufikia kinywa chake, kwani alikuwa mfupi, na Waziri akamwuliza kwa tabasamu ameufanya vipi muujiza ule.

"Sikumpa hata tone," alisema Somoe. "Namlisha mchicha, karoti na yai. Chupa zenu nilizimwaga chooni, na panya wa chooni wamekufa."

Askari wa malangoni wakageuka kuwatazama watu. Halafu mtu mmoja huko nyuma akacheka, au pengine alikohoa. Hatutajua, maana alipigwa marungu mpaka akafa kabla hajaulizwa. Waziri, bila kupoteza tabasamu, akasoma kifungu cha sheria. Mitungi ikaletwa jukwaani. Mmoja akapewa Kapteni Chitete, mbele ya Mkuu, mbele ya nchi.

Miguu ya Chitete ilimpeleka yenyewe. Alijaribu kufikiri jambo la kufanya, akakuta kwamba kwa miaka yote hiyo hakuwahi kufikiri akiwa amesimama mbele ya mtu wa kupigwa, na sasa fikra haikuja. Akauinamisha mtungi vibaya, dawa ikammwagikia Somoe kifuani.

"Shika sawasawa," dada yake alimwambia polepole, asisikiwe na kipaza sauti. "Ukimwaga watakupiga wewe."

Akanywa. Hakubanwa pua wala kushikwa. Alikunywa mtungi wote kwa mikono yake juu ya mikono ya mdogo wake, akajipangusa kwa ncha ya khanga, akabaki amesimama wima. Watu walioketi karibu hawakuwa wamewahi kuona mtu akiumaliza bila kufungwa na kubanwa. Mkuu mwenyewe aliinama mbele. Magoti yake yalikuwa yanamsumbua siku hizo, na nywele zilikuwa zimeanza kumtoka.

"Unajisikiaje, mama?" akauliza.

Somoe alimtazama Mkuu, akaitazama mitungi iliyobaki. Mwanamke huyu alikuwa amekataa kusema uongo wa maneno mawili kuokoa maisha yake. Sasa akavuta pumzi, akasema kwenye kipaza sauti kwamba amekosea, tena amekosea sana. Alisema magoti yaliyokuwa yakimuuma tangu mvua za mwaka juzi yameacha kuuma. Anawaona watu wa safu ya mwisho, hata rangi za nguo zao. "Damu inachemka, Mheshimiwa," alisema. "Najihisi msichana. Kumbe mlikuwa mnawapa ndege kitu cha watu."

Chitete, aliyeishi naye tangu utoto, alikuwa hajawahi kusikia uongo ukitoka kinywani mwake.

Mkuu akanyoosha mkono apewe mtungi. Waziri Ngalambe akageuka rangi ya majivu. Alisema, kwa kigugumizi ambacho redio haikuwahi kukisikia, kwamba dawa ile, kwa hakika, kitaalamu, ni ya ndege.

Mkuu akauliza kwa sauti ndogo, "Unasema dawa yako hainifai mimi, au unasema si dawa?"

Waziri hakuwa na jibu lenye uhai ndani yake. Akasema ni dawa. Mkuu akamwambia basi aonje yeye kwanza, naye akanywa mtungi wake machozi yakimtoka, na wananchi wakaambiwa ni machozi ya uzalendo. Kisha Mkuu akanywa. Na kwa kuwa kipimo ni kwa uzito, na hakukubali apewe pungufu ya haki yake, alikunywa mitungi miwili na nusu, akacheua, uwanja ukaamriwa kupiga makofi.

Makofi yale yalipoanza, Chitete alimshika dada yake nywele na kumburuta ngazini, mpaka chini ya majukwaa kwenye giza la nguzo. Hapo akampiga ngumi ya tumbo. Somoe alijikunja bila sauti. Akampiga ya pili. Askari wawili waliokuwa wakipita wakasimama kutazama, na mmoja akasema Kapteni huwa hachoki. Ngumi ya tatu ilivunja ubavu, akausikia ukivunjika chini ya ngumi yake, na Somoe akatapika. Ilitoka manjano, nyingi, ikamlowesha Chitete mpaka viatuni. Akamnywesha maji ya bombani kwa nguvu, akampiga tena, akatapika tena, hivyo hivyo mpaka yaliyotoka yakawa maji matupu na damu kidogo. Kisha akambeba mgongoni, akatoka naye kwa lango la wachezaji.

Kiu ilimwanza Mkuu baada ya siku mbili. Madaktari wa Ikulu walisimama kuzunguka kitanda, na kila mmoja, kabla ya kufungua mdomo, alikumbuka taya la Lwitiko. Walikubaliana kwamba Mheshimiwa anazidi kupata nafuu. Hata angekuwapo mtu wa kumtapisha mapema, hakuna katika nchi ile aliyekuwa na kibali cha kumpiga Mkuu ngumi ya tumbo. Waziri alimtangulia kufa kwa nusu siku, kama itifaki inavyotaka. Mkuu alifuata, amekumbatia birika. Kasuku alikutwa jikoni, amevua kisweta, anakula mchicha wa mpishi.

Nchi ilipopata habari haikulia kwanza, ilivunja. Milango ya magereza iling'olewa, kiwanda cha Bawa-Imara kikachomwa na shemeji ndani. Askari wa Kikosi cha Lishe walitafutwa kwa majina. Wengine walitundikwa kwenye nguzo za taa na chupa zao zikiwa bado viunoni. Chitete alivua magwanda, akavaa shati la kawaida, akatembea katikati ya moshi mpaka mlangoni kwa dada yake.

Somoe alifungua huku amejishika ubavu uliofungwa kitambaa.

"Nifiche, dada," alisema Chitete.

"Mimi ulinipiga vizuri, Hamduni. Uliniokoa, sitakataa." Alipumua kwa shida. "Lakini mtaa huu hakuna nyumba nyingine uliyopiga vizuri."

Nyuma ya Chitete watu walikuwa wameanza kukusanyika. Mzee Shaweji alikuwa mbele, amejifungia rungu mkononi kwa kamba, kwa kuwa vidole havikuweza kulishika. Alikuwapo mume wa mwanamke aliyepigwa risasi, walikuwapo waliovishwa mizoga sokoni, na watoto wa wale waliolamba kuta. Chitete aliwatazama, akamtazama dada yake. Hakuomba tena. Alishuka kibarazani, akapiga magoti kwenye vumbi. "Shikamoo, mzee," alisema. Mzee Shaweji safari hii hakuitikia.

Somoe aliurudisha mlango, akaegemeza paji la uso kwenye ubao. Alisikia rungu la kwanza, na la pili. Alisikia mfupa, kisha mfupa mwingine, na sauti aliyoijua tangu ikiwa ya mtoto mchanga ikianza kulia na baadaye ikiacha. Meno aliyauma mpaka damu ikamjaa kinywani. Aliwapa muda wao. Wote walikuwa na haki, na wengine walikuwa wametoka mbali.

Kisha akafungua mlango, akatoka, akasimama juu ya kile kilichokuwa kimelala kwenye vumbi na bado kinapumua.

"Basi, jamani," alisema. "Kilichobaki ni changu."

Mzee Shaweji alimtazama, halafu akamnyooshea mkono ule uliofungwa rungu ili amfungulie kamba. Somoe akaifungua. Akainama, akamshika mdogo wake kwapani, na polepole, kwa sababu ya ubavu, akamburuta ndani.